Busisi Siyo ya Kupita Juu Tu

Tangu tarehe 19 Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la J.P. Magufuli, sisi tunaosoma Mwanza tumepita Busisi mara nyingi kuliko zamani, ila tumeiona kidogo kuliko zamani. Basi la Geita au Bukoba linapanda darajani upande wa Kigongo, abiria wanatoa simu wanapiga picha za ziwa, na kabla hujamaliza kuchagua picha ya kuweka status, gari limeshaingia Wilaya ya Sengerema. Kijiji kimebaki nyuma, na hakuna aliyeshuka.

Mimi kwetu ni Geita. Nimevuka ghuba hii tangu nikiwa kidato cha kwanza, miaka yote kwa kivuko na sasa kwa daraja. Kwa hiyo bumu likitoka na watu wa hosteli wakaanza swali lao la kila muhula, "wikiendi hii twende wapi?", jibu langu ni Busisi. Huwa wananicheka. Kuna mmoja hukimbilia simu kunionyesha picha za visiwa vya Ugiriki: nyumba nyeupe, maji ya buluu, ufukwe usio na mtu. Ananiambia huko ndiko kwa kutulia. Mimi namwambia kijiji cha ufukweni kilichotulia anacho hapa hapa, kwa nauli ambayo haimalizi bumu. Tofauti ni kwamba cha huku hakuna aliyekitengenezea tangazo, kwa hiyo lazima ujieleze mwenyewe unaangalia nini.

Makala hii ni ya kueleza hilo. Hoja yangu ni fupi: ukikuta ufukwe umetulia, uliza umetulia kwa nini. Busisi ina kimya cha aina tatu, cha barabara, cha mchana na cha maji. Kila kimoja kina sababu yake. Ukizijua utafurahia safari na utarudi salama. Usipozijua utapiga picha nzuri, na huenda ukarudi na minyoo kwenye damu. Siyo utani, nitaeleza.

Namna ya kufika

Kutoka mjini au stendi ya Nyegezi unashika barabara ya Shinyanga hadi Usagara, pale unakunja kulia kuelekea Kigongo. Toka katikati ya jiji hadi Kigongo ni kama km 30 hivi. Panda gari linalokwenda Sengerema, na mwambie kondakta mapema kwamba unashuka Busisi. Usisubiri kuona maji ndipo useme, kwa sababu daraja lina urefu wa km 3 tu na gari linalimaliza kwa dakika chache.

Mwenye miguu mizima ashuke Kigongo avuke kwa mguu, pembeni kwenye njia ya waendao kwa miguu. Fanya hivyo asubuhi. Juu ya daraja hakuna mti, na jua la saa sita halina huruma. Ukitembea ndipo unapojua ghuba hii ni kubwa kiasi gani. Kusini unaiona inavyozidi kusogea ndani ya nchi, kaskazini inafunguka kuelekea jijini na ziwa kuu.

Anayetaka kupanda chombo cha majini anaweza kwenda kwa njia ya Kamanga: kivuko toka mjini hadi Kamanga, gari hadi Sengerema, kisha gari jingine linalorudi upande wa Busisi. Ni mzunguko mrefu, lakini ukienda kwa Kamanga na kurudi kwa daraja unakuwa umeizunguka ghuba kwa siku moja.

Kimya cha barabara

Waliozoea kivuko wanakumbuka foleni. Malori, mabasi, noah, pikipiki, vyote vimepangana vikingoja zamu. Abiria mlishuka kwenye basi, mkakata tiketi, mkasubiri, mkaingia kwenye chombo kwa miguu, mkapanda tena basi ng'ambo. Siku nzuri ilikuwa muda mfupi. Siku mbaya, masaa mawili na zaidi yaliishia pale, na kama umefika usiku sana kivuko kimefungwa, ulilala kwenye kiti.

Sasa fikiria foleni ile kwa macho ya mtu wa Busisi. Kila siku ya Mungu analetewa mlangoni watu mamia wenye vitu vitatu: njaa, muda wa kupoteza na hela ndogo mfukoni. Hakuna soko bora kuliko hilo. Ndiyo maana palikuwa na samaki wa kukaanga, mihogo, mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha, ndizi, maji ya chupa, na vijana waliokimbilia dirishani kabla basi halijasimama. Mama mmoja alisomesha watoto kwa sufuria moja ya mafuta na beseni la sato. Kijana alinunua pikipiki kwa kuuza soda na karanga. Foleni iliyotuudhi sisi ndiyo iliyokuwa mshahara wao.

Silii kivuko. Aliyewahi kumwona mgonjwa akisubiri chombo usiku ili afike Bugando hawezi kukililia. Jiwe la msingi la daraja liliwekwa tarehe 7 Desemba 2019, ujenzi ukagharimu zaidi ya shilingi bilioni 700, na kwa mikoa ya Geita na Kagera faida yake haihitaji mtu wa uchumi kuieleza. Ila daraja linafanya kazi mbili kwa pamoja. Linaunganisha pande mbili za mbali, na linawaruka walio katikati. Lori la mizigo halina tena sababu ya kusimama Busisi. Abiria naye hana. Kile kimya unachokikuta ukiteremka leo karibu na gati la zamani ni kelele zilizohamia juu ya nguzo.

Hili siyo letu peke yetu. Ugiriki ile ile ya kwenye simu za wenzangu ilifungua daraja la Rio–Antirrio mwaka 2004, lenye urefu wa m 2,880, karibu sawa na letu, juu ya Ghuba ya Korintho. Hapo nako watu walikuwa wakipanga foleni ya feri miaka na miaka. Kule feri hazikufa. Daraja lina tozo kubwa, kwa hiyo mwenye muda na asiye na haraka bado anapanda feri, na magati ya pande zote mbili yamebaki na wateja wao. Kwetu kivuko kilipoteza sababu ya kuendelea siku ile ile gari la kwanza lilipovuka. Mfanyabiashara wa Busisi hakupewa miaka ya kuzoea.

Mama ninayekula kwake kila nikienda alinieleza jambo ambalo sikufundishwa kwenye somo la ujasiriamali. Zamani, alisema, hakuhitaji jina, wala bango, wala ladha ya kipekee. Mteja aliletwa na kivuko. Sasa mteja lazima awe na sababu ya kuja kwake. Maana yake ni kwamba mimi na wewe tukishuka Busisi kwa makusudi tukakaa tukala, hatumpi sadaka. Tunakuwa aina mpya ya mteja, yule aliyekuja kwa sababu ya mahali penyewe. Wako wachache mno, lakini biashara mpya ya pale itaanzia kwa hao.

Kimya cha mchana

Ukishuka saa nne asubuhi ukaenda mwaloni, utakuta mitumbwi imevutwa nchi kavu, nyavu zimetandazwa, na wanaume wamelala kwenye kivuli. Mwanachuo mmoja niliyekwenda naye alisema watu wa huku wavivu. Nilimwomba asubiri hadi jioni.

Uvuvi wa dagaa ni kazi ya usiku. Dagaa hufuata mwanga. Wavuvi huingia ziwani jua likizama, wanaelesha taa juu ya maji, dagaa wanajikusanya chini yake, kisha wavu unavutwa. Zamani taa ilikuwa karabai ya mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni taa za betri na sola. Kwa sababu kazi yote inategemea giza, mwezi ndiyo kalenda. Mbalamwezi ikiwa kali mwanga unatawanyika ziwani kote, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi wengi wanapumzika.

Kwa msafiri hili lina faida. Ukitaka kuona taa ziwani, zikiwa zimepangana mbali gizani kama mji uliojengwa juu ya maji, nenda siku za giza. Ukitaka watu wenye nafasi ya kukaa na kupiga stori, nenda mwezi ukiwa mpevu. Angalia mwezi kabla ya kuangalia ratiba ya basi.

Usiku huo huo ndio wenye hatari. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu inapanda na upepo wa ziwani unakuja kujaza nafasi, ndiyo maana alasiri ufukweni panapendeza. Usiku mambo yanageuka: nchi kavu inapoa haraka, upepo unatoka pande zote kuelekea ziwani, hewa yenye unyevu inapanda juu ya maji ya vuguvugu, na mvua ya radi inazaliwa huko huko katikati, mahali wavuvi walipo. Ziwa Victoria lina eneo la karibu km za mraba 68,800 lakini kina chake hakizidi sana m 80. Ni sahani pana, siyo chungu. Maji ya kina kifupi yakipigwa na upepo mkali hutoa mawimbi mafupi, yaliyosimama, yanayofuatana haraka. Yule aliyelala kivulini saa nne ametoka kwenye maji hayo alfajiri.

Baada ya wanaume kulala, zamu ni ya wanawake. Dagaa wanaanikwa, wengine mchangani, wengine juu ya nyavu au chanja. Tofauti hiyo ni ya pesa. Dagaa wa mchangani wana chembe za mchanga, mara nyingi wanaishia kwenye chakula cha kuku. Dagaa wa chanja ni safi, wanaliwa na watu, na bei yao ni nyingine. Mvua ya ghafla ikishuka mchana kazi ya usiku mzima inaoza kwa saa chache. Kwa hiyo ukiona mama anatazama mawingu usimwulize maswali ya utafiti wako. Mshike mkono wa turubai.

Na tafadhali, usikatize juu ya dagaa walioanikwa ili upate engo nzuri ya picha. Nimeshaona mwanachuo akifanya hivyo. Hakutukanwa, watu wa pale wana heshima zao, lakini kimya kilichofuata kilikuwa kikali kuliko tusi.

Kuna pia sangara. Huyu si mwenyeji. Alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelitawala. Ndiye aliyeleta viwanda vya minofu Mwanza na biashara ya mabondo, yaani kile kifuko cha hewa ndani ya samaki kinachouzwa kwa bei kubwa Asia. Kwa kanuni zetu sangara wa chini ya sm 50 haruhusiwi kuvuliwa. Ukiuziwa mdogo kwa bei ya kutupa, usinunue. Siyo suala la kuogopa kukamatwa tu. Ukimla huyo leo, mvuvi wa mwakani unamwachia maji matupu.

Kimya cha maji

Sasa tufike kwenye lile la minyoo. Ufukwe mzuri kuliko wote kwa macho, ule wenye maji yaliyotulia kama kioo, matete pembeni, kina cha magotini, watoto wanacheza, ndio wenye hatari kubwa zaidi ya kichocho.

Kinavyofanya kazi ni hivi. Mtu mwenye kichocho akijisaidia karibu na maji, mayai ya minyoo yanaingia ziwani na kuanguliwa. Kiluwiluwi kinachotoka humo kinatafuta konokono wa majini. Ndani ya konokono kinazaliana kwa wiki kadhaa, kisha wanatoka maelfu ya vimelea vidogo usivyoweza kuviona kwa macho. Hivi huogelea kutafuta ngozi ya mtu, na vikiipata hupenya vyenyewe, bila kidonda, ndani ya dakika chache. Ukanda wa ziwa letu una zaidi kile kichocho cha tumbo, kinachoathiri utumbo na ini. Konokono hao wanapenda maji yaliyotulia yenye majani. Na vimelea hutoka kwa wingi kuanzia asubuhi ya kuchelewa hadi mchana jua likiwa kali, saa zile zile mwanachuo anazotaka kuogelea.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wa kizamani: furahia maji kwa macho. Usiogelee, usitembee ndani ya maji ya kina kifupi kwa ajili ya picha. Kama umeshalowana, kujifuta haraka na taulo kunaweza kupunguza kidogo lakini usikutegemee. Nenda zahanati au hospitali ueleze kwamba uligusa maji ya ziwa. Dawa ipo, praziquantel, na inafanya kazi vizuri, ila inaua minyoo iliyokomaa. Ukiinywa siku ile ile uliyolowana haikusaidii. Ndiyo maana wataalamu hushauri kupima na kutibiwa wiki kadhaa baadaye. Usingoje dalili, kwa sababu wengi hawazioni mapema.

Nikifika hapa ndipo huwa nashindwa kuongea kama muuza safari. Mimi naweza kukaa mbali na maji siku mbili nikarudi hosteli kwenye bomba. Mwanamke anayefua pale, mvuvi anayesukuma mtumbwi hadi kiunoni, mtoto anayechota ndoo, hawana likizo ya kutogusa maji. Wakipewa dawa leo, kesho wanaingia ziwani tena. Dawa bila choo na bila maji ya bomba ni kukinga mvua kwa mikono. Ukisoma udaktari, uhandisi wa maji au maendeleo ya jamii, hapa una mada ya tasnifu ambayo si ya kunakili.

Kimya cha maji kina upande mwingine usioonekana. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walianza kuchunguza furu wa Ghuba hii ya Mwanza, vile visamaki vidogo vyenye rangi ambavyo wazee wetu walikula na kuvidharau. Walikuta aina nyingi kupita matarajio: wala mwani, wala wadudu, wala samaki wenzao, na hata furu wenye meno kooni ya kuponda konokono. Kabla hawajamaliza kuwapa majina, sangara aliongezeka, na ndani ya muda mfupi aina nyingi zikatoweka mbele ya macho yao. Maji nayo yakachafuka kwa mbolea, udongo na majitaka. Utafiti uliotoka mwaka 1997 ulionyesha kwamba furu jike humchagua dume kwa rangi, na maji yakiwa na ukungu hawezi kuiona vizuri, aina zikaanza kuchanganyika. Baadhi ya furu wamerudi tangu wakati huo, lakini si wote. Ukisimama gati la Busisi ukaona maji ya kijani, yale siyo rangi ya asili tu. Yana historia.

Mamba na viboko nao wapo katika ziwa hili. Ukiambiwa na mwenyeji usikae sehemu fulani jioni, usibishane naye kwa sababu hukuona kitu.

Kuhusu mtumbwi: wapo watakaokubali kukuzungusha. Sikukatazi, lakini uliza jaketi la kuokolea maisha kabla ya kuuliza bei, na mkiwa wengi kuliko chombo, baki nchi kavu. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, kilichotakiwa kubeba watu 101, kilipinduka kikikaribia gati la Ukara. Walikufa watu 228, nchi kavu ikionekana kwa macho. Kanda ya Ziwa haina mtu asiyejua habari hiyo, na haina mwaka usiokuwa na kijana anayesema "hapa karibu tu".

Ufukwe ni wa nani?

Mahali pakishakuwa rahisi kufika, swali la ardhi linafuata. Ukitembea Busisi na begi la kompyuta mgongoni, si ajabu mtu akudhani umekuja kutafuta kiwanja. Mimi limenitokea. Watu wanasubiri kuona nani atakuja kununua baada ya daraja, wengine kwa matumaini, wengine kwa wasiwasi.

Hapa sheria inafaa kujulikana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa la asili. Makusudi yake ni kulinda mazingira, lakini ikisimamiwa ina faida nyingine: njia ya mwanakijiji kwenda majini, sehemu ya kuvuta mtumbwi na uwanja wa kuanika dagaa haviishii ndani ya ukuta wa mtu. Isiposimamiwa, ukuta unaanza kidogo kidogo, leo uzio wa miti, kesho matofali, na keshokutwa mama wa dagaa anazunguka kilomita kufika ziwa alilozaliwa kando yake.

Ugiriki tena ina la kutufundisha. Kule ufukwe kwa sheria ni mali ya umma. Hata hivyo, majira ya joto ya mwaka 2023, wakazi wa kisiwa cha Paros waliandamana wakiwa na mataulo yao, kwa sababu baa na hoteli zilikuwa zimejaza vitanda vya kukodi ufukweni hadi mwenyeji hana pa kutandika. Vijiji vilivyokuwa vimetulia vilipendwa sana kwa utulivu wao, ukaisha. Waliouuza utulivu huo na walioupoteza hawakuwa watu wale wale.

Sisemi Busisi ibaki maskini ili mimi nipate pa kupumzikia. Hilo ni wazo la mtu aliyeshiba. Nasema pesa ya mgeni ina njia mbili za kuingia kijijini. Inaweza kuingia kwa sahani ya samaki, chumba cha gesti, bodaboda, kilo ya dagaa wa chanja, ikazunguka pale pale. Au inaweza kuingia mara moja kwa kununua kiwanja cha mbele, na isirudi tena. Sisi wanachuo hatuna hela ya njia ya pili. Basi tuitumie vizuri ya kwanza.

Ukienda, fanya hivi

Salimia kwanza. Huku ni kwa Wasukuma na Wazinza, na salamu si kitu cha kurusha ukiwa unatembea. "Shikamoo" inatosha, ila asubuhi ukimwambia mama "mwangaluka mayu" na mchana "mwadila", utaona uso unafunguka. Ukipewa kitu sema "wabeja".

Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu, mtumbwi au samaki wake. Mwaloni kuna viongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, wenyewe wanaita BMU. Ukitaka kukaa muda mrefu au mko kundi, anza kwao au kwa mwenyekiti wa kitongoji. Dakika tano za kujitambulisha zinakuondolea maswali ya siku nzima.

Kula pale. Agiza mapema, kwa sababu siku hizi hakuna anayekaanga samaki kumi akisubiri foleni. Sato wa kuchemsha na ugali wa muhogo ndiyo chaguo langu. Msimu ukiruhusu uliza michembe au matobolwa, viazi vitamu vya kukausha, vinafaa kubebwa hosteli kwa zile wiki bumu limekata.

Beba maji ya kunywa, kofia, hela taslimu ndogo ndogo, na mfuko wa kurudishia takataka zako. Chupa ukiiacha pale haiendi mbali. Ziwa litairudisha kesho miguuni pa mtu mwingine.

Nenda kati ya Juni na Agosti kama hupendi mvua. Nenda katikati ya wiki kama una nafasi. Usiende kipindi cha UE halafu useme makala hii ilikudanganya.

Na ukiwa pale, kaa tu kidogo bila kufanya kitu. Keti kwenye jiwe karibu na gati la zamani, angalia magari yanavyopita juu bila kusimama, sikiliza yanavyosikika kwa mbali. Halafu geuka upande wa pili uone mvuvi anayeshona wavu, mama anayegeuza dagaa, mtoto aliyetumwa maji. Hapo hutahitaji mtu wa kukueleza kwamba kijiji kilichotulia hakijalala. Kinafanya kazi kwa saa ambazo sisi wapita njia hatuko macho, na kinasubiri kuona kama daraja litawaletea wageni au litawapitisha tu.